Nina VVU na sasa nimeambiwa nina HPV: mambo haya mawili yanahusianaje?

MamaWaEmbakasi ameuliza:

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mama wa umri wa miaka 38, mkazi wa Embakasi. Nilianza kumeza dawa za ARV nilipokuwa na mimba ya kifungua mimba wangu, na tangu hapo sijacheza na dawa. Kila nikipimwa ninaambiwa kwamba virusi havionekani katika damu. Mume wangu hana VVU na watoto wetu wawili walizaliwa salama. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimetulia, nikiamini kwamba maadamu VVU vimedhibitiwa, magonjwa yanayoandamana navyo hayanihusu tena.

Safari iliyopita nilipokwenda kuchukua dawa, muuguzi alinieleza kwamba kuna kipimo cha kutafuta virusi vya HPV katika mlango wa kizazi. Alinikabidhi brashi ndogo iliyofungwa, akanionyesha jinsi ya kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani, nami nikairudisha ndani ya kichupa chake. Baadaye nilipigiwa simu nikaarifiwa kwamba nimepatikana na HPV ya aina inayoweza kuleta saratani na kwamba ni lazima nirudi nikaangaliwe. Aliyenipigia alikuwa na haraka, na mazungumzo yakaisha kabla sijauliza lolote.

Sasa silali. Je, hii ina maana kwamba tayari nina saratani? Ikiwa dawa zimeizima VVU kiasi cha kutoonekana, kwa nini mwili wangu umeshindwa kuiondoa HPV? Na je, niamini kwamba mume wangu ameniletea ugonjwa huu kutoka nje? Isitoshe, binti yetu ana miaka 11, bado hajapata chanjo ya HPV, na sijui kama nimwahi sasa au nimechelewa. Naomba anayeelewa anieleze kwa kina, maana sitaki kujibiwa kwamba nisijali.

Muuguzi_Eastlands amejibu:

Pole sana, mama, na umefanya vyema kuuliza. Ninahudumu katika CCC, yaani kliniki ya watu wanaoishi na VVU, upande wa Eastlands na maswali kama yako huyasikia mara kwa mara, ingawa wengi huyauliza wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango wakitoka.

Nianze na linalokunyima usingizi. Kupatikana na HPV si kupatikana na saratani. Kipimo ulichofanyiwa hutafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe. Hakisemi chochote kuhusu hali ya seli zako, na ndiyo maana unaitwa ukaangaliwe. HPV ina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa, nyingine huleta vigwaru (vinyama vidogo) vya sehemu za siri, na zipo aina kadhaa zinazoweza kuleta saratani zikikaa mwilini kwa muda mrefu. Aina mbili, yaani 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Mwanamke mwenye kinga imara akiambukizwa, mara tisa kati ya kumi mwili wake huidhibiti HPV katika muda wa miaka miwili hivi, bila dawa na bila yeye mwenyewe kujua kwamba aliwahi kuwa nayo.

Hapo ndipo VVU inapoingilia. HPV haizunguki katika damu. Hujificha katika seli za chini za ngozi laini ya mlango wa kizazi, ikiwa imepenya kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Protini zake mbili, zinazojulikana kama E6 na E7, huziondolea nguvu zile protini za mwili ambazo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Ili kuigundua na kuiondoa HPV pale ilipojificha, mwili hutegemea jeshi la kinga linaloongozwa na seli za CD4, na seli hizo ndizo VVU inazoziua. Kwa hiyo mwanamke mwenye VVU huambukizwa HPV kwa urahisi zaidi, mara nyingi hubeba aina kadhaa kwa wakati mmoja, na kila aina hukaa kwa muda mrefu kuliko ambavyo ingekaa kwa mwenzake. Katika mwanamke mwenye kinga ya kawaida, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Shirika la Afya Duniani husema kwamba wanawake wenye VVU wanakabiliwa na hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya wengine.

Umeuliza kwa nini hali imekuwa hivyo ilhali virusi havionekani. Dawa za ARV husaidia, tena sana: wanawake wanaozimeza vizuri huwa na HPV kwa kiasi kidogo zaidi, na mabadiliko ya seli zao huendelea polepole kuliko ya wale wasiotibiwa. Lakini ARV huizuia VVU isizaane. Haziigusi HPV hata kidogo. Kinachoipiga HPV ni kinga yako yenyewe, nayo hujijenga upya taratibu, wala si lazima irudi yote pale ilipokuwa. Huenda pia uliambukizwa HPV kabla hujaanza dawa, wakati CD4 zilipokuwa chini, na kirusi kikapata nafasi ya kujikita. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umezembea. Ulichokuwa ukikifanya kimekupunguzia hatari, ila hakichukui nafasi ya kuchunguzwa mlango wa kizazi, na hilo ni jambo ambalo sisi wahudumu tungepaswa kulisema siku ya kwanza mtu anapokabidhiwa dawa.

Sasa kuhusu siku utakayorudi. Yaelekea utafanyiwa uchunguzi wa kutumia siki. Utalala kitandani, muuguzi ataingiza spekulamu, kifaa cha kupanua uke, ili auone mlango wa kizazi, ataupangusa kwa pamba iliyochovywa katika asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, kisha atasubiri kama dakika moja huku taa ikimulika. Utahisi ubaridi, na pengine mwasho mdogo. Seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, zikifanya kibaka (baka dogo) chenye kingo zinazoonekana wazi. Seli zenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Mwombe muuguzi akueleze anachokiona wakati uo huo, usisubiri hadi uvae. Hali ikiwa shwari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mwenye VVU ni kurudia kipimo baada ya miezi 12. Pakionekana kibaka kinachotibika, kinaweza kuchomwa kwa kifaa chenye joto kwa muda usiofika dakika moja, mara nyingi siku hiyohiyo. Kikiwa kikubwa, au kikiwa kimezama ndani ya mfereji wa mlango, utapewa rufaa.

Kuhusu mume wako: tafadhali usimhukumu kwa karatasi hii. HPV ndiyo maambukizi ya ngono yaliyoenea kuliko yote, na watu wengi waliowahi kujamiiana huipata wakati fulani. Inaweza kulala mwilini kwa miaka mingi bila dalili kisha ikaonekana katika kipimo. Hakuna daktari anayeweza kutaja ni lini uliipata wala ni nani aliyekupa. Nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu ya matokeo ambayo hayakusema lolote kuhusu uaminifu wa mtu.

Mkaazi_Kawangware amejibu:

Dada yangu, mimi pia ninaishi na VVU na nimeipitia njia hiyo, kwa hiyo nitakueleza sehemu ambayo muuguzi ameipitia haraka, yaani rufaa.

Kwangu kibaka kilikuwa kikubwa, nikaambiwa nahitaji LEEP. Jina lenyewe lilinitisha, lakini ni kazi fupi: unachomwa sindano ya ganzi kwenye mlango wa kizazi, kisha daktari anaiondoa ile sehemu yenye kasoro kwa waya mwembamba uliopinda, unaopitishwa umeme. Nilisikia mlio wa mashine na harufu ya kuungua, sikusikia maumivu makali. Kipande kilichokatwa hupelekwa maabara, na hili ni jambo zuri kwa sababu unapata jibu la kweli kuhusu kiwango cha mabadiliko. Nilirudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa wiki kadhaa nilitokwa na majimaji yenye damudamu, na niliagizwa nisijamiiane kwa wiki sita hivi, agizo ambalo mtu anapaswa kulizungumza na mwenzake mapema, si usiku wa kurudi kutoka hospitalini.

Lililonichosha ni mzunguko. Kituo kilichonipa rufaa hakikuandika majibu ya kipimo kwenye barua, nikafika huko nilikotumwa nikaambiwa tuanze upya. Kwa hiyo dai majibu yako kwa maandishi, yakionyesha tarehe na, kama maabara imeitaja, aina ya HPV, kwa kuwa mwenye 16 au 18 hufuatiliwa kwa ukaribu zaidi. Piga picha kila karatasi. Pia usidhani kwamba ukishatibiwa umemaliza. Kwetu sisi wenye VVU mabadiliko haya yana tabia ya kurudi, na mimi nimeshaambiwa wazi kwamba nitakuwa mgeni wa chumba kile kwa muda mrefu.

Muuguzi_Eastlands ameongeza:

Asante, dada, na hilo la mabadiliko kurudi ningependa kulikazia kwa sababu tunao ushahidi kutoka papa hapa Nairobi. Wanawake 400 wenye VVU waliokuwa na mabadiliko makubwa ya seli waligawanywa katika makundi mawili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019: wengine walitibiwa kwa kugandishwa kwa baridi, wengine kwa LEEP. Katika miaka miwili ya kuwafuatilia, mabadiliko yalirudi kwa asilimia 30 ya waliogandishwa na asilimia 19 ya waliofanyiwa LEEP. Napenda tuzitazame namba hizo kwa pande zote mbili. LEEP ilikuwa bora, ndiyo. Lakini hata kwa tiba iliyo bora, karibu mwanamke mmoja kati ya watano alirudiwa. Ndiyo sababu baada ya matibabu mwenye VVU anapaswa kupimwa miezi 12 baadaye, na akiwa sawa apimwe tena baada ya miezi mingine 12, ndipo arejee kwenye ratiba ya kawaida ya kila miaka mitatu hadi mitano kwa kipimo cha HPV. Kliniki yako ikikuita mapema zaidi ya hapo, nenda.

Mwalimu_Dagoretti amejibu:

Nitajibu kuhusu binti, kwa kuwa mimi hushughulikia barua za chanjo shuleni kwetu na ninajua jinsi zinavyokaa ndani ya mkoba hadi muhula uishe.

Mama, hujachelewa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, na Shirika la Afya Duniani linalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi. Haitibu maambukizi yaliyopo, huzuia yale ambayo bado hayajaja. Binti yako wa miaka 11 yuko katikati kabisa ya umri unaofaa, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nanyi hata kama hakuna kampeni shuleni.

Wazazi wengi huniambia kwamba wamesikia chanjo hii inaharibu kizazi. Ninawajibu bila kuzunguka: ndani ya chanjo hakuna kirusi kilicho hai. Kilichomo ni ganda la nje tu la protini, lisilo na chembe za urithi, na ganda tupu haliwezi kumwambukiza mtu. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe. Uskoti, iliyoanza kuwachanja wasichana mwaka 2008, ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kwamba miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 haijaonekana saratani ya mlango wa kizazi hata moja. Habari hiyo ningependa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule hapa mjini.

Jambo moja linalowahusu wazazi wenye watoto wanaoishi na VVU: kwa wasichana wengi sasa dozi moja inakubalika kuwa inatosha, na utafiti uliofanywa hapa Kenya kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 20 ulichangia sana uamuzi huo, kwani dozi moja iliwakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina 16 na 18 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza. Lakini washiriki wa utafiti huo hawakuwa na VVU. Kwa msichana mwenye VVU ushauri wa Shirika la Afya Duniani unabaki kuwa angalau dozi mbili, na tatu inapowezekana. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo asiridhike na dozi moja ya shuleni. Azungumze na kliniki ya mtoto.

Msomaji_SouthB amejibu:

Naomba kuongeza neno kuhusu historia. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2008 iligawanywa kati ya Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyethibitisha kwamba HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na Wafaransa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, waliogundua VVU. Hata kabla ya hapo, mwaka 1993, Marekani ilikuwa imeiweka saratani ya mlango wa kizazi katika orodha ya magonjwa yanayotambulisha Ukimwi. Uhusiano huu basi haukugunduliwa jana.

Ndiyo maana huumia ninapoona mwanamke akichukua ARV katika jengo moja, kisha akitakiwa kupanga foleni siku nyingine katika jengo jingine ili akaangaliwe mlango wa kizazi. Nauli ya siku ya pili, ruhusa ya siku ya pili kazini, mtoto wa kuachiwa jirani kwa mara ya pili: hapo ndipo tunapowapoteza. Mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 5,236 wa saratani hii na vifo 3,211. Kati ya wanawake wote duniani wanaopata saratani hii wakiwa na VVU, takriban asilimia 85 wako Afrika kusini mwa Sahara. Kliniki zinazofanya yote mawili chini ya paa moja zinaokoa maisha, na zile ambazo bado hazifanyi hivyo zinapaswa kuulizwa na sisi wateja, kwa heshima lakini bila kunyamaza.

BabaWaKasarani ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Hali yangu ni kinyume: mke wangu hana VVU, lakini amepatikana na HPV. Nimesoma mahali kwamba HPV nayo hurahisisha kuambukizwa VVU. Je, ni kweli? Na je, mimi mwanamume napaswa kupimwa HPV?

Muuguzi_Eastlands amejibu:

Ndugu, asante kwa kuuliza. Ningefurahi wanaume wengi wafanye hivyo.

Ni kweli kwamba uhusiano huu unaelekea pande zote mbili. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba mwanamke mwenye HPV ana uwezekano unaokaribia mara mbili wa kuambukizwa VVU akilinganishwa na asiye nayo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba maambukizi hudhoofisha utando wa mlango wa kizazi na kuzivuta karibu seli za kinga, ambazo ndizo VVU inazozitafuta. Hata hivyo virusi vyote viwili hupitia njia ileile ya ngono, kwa hiyo si rahisi kutenganisha kabisa mchango wa HPV na mazingira yanayomweka mtu katika hatari ya vyote viwili. Kwenu nyinyi la kufanya ni wote wawili kujua hali yenu ya VVU kwa kupimwa. Ikiwa hakuna mwenye VVU kati yenu na hamna wapenzi wengine, HPV haiwezi kuizua VVU kutoka hewani.

Kwa mwanamume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kinachopendekezwa, kwa hiyo usipoteze pesa zako ukizunguka maabara za mjini. Kondomu hupunguza maambukizi ijapokuwa haizuii yote, kwa kuwa HPV hupita pia kwenye ngozi isiyofunikwa. Tohara ya wanaume nayo imeonyeshwa katika utafiti nchini Uganda kupunguza maambukizi ya HPV kwa wake zao. Ukiona vigwaru au kidonda kisichopona, nenda uonwe. Mke wako naye arudi kwa uchunguzi wake. Kwa asiye na VVU ratiba ni tofauti kidogo, na kituo kitamweleza.

MamaWaEmbakasi ameandika:

Nimesoma kila neno, tena mara mbili, nami nimemwonyesha mume wangu. Nawashukuru sana. Nimepiga simu kliniki na nimepewa siku wiki ijayo, na nimeomba majibu yawe kwa maandishi. Binti tutampeleka Jumamosi. Swali la mwisho: je, nikiwa katika hedhi siku hiyo, niende au nisubiri? Na kuna jambo sikulitaja: mara mbili nimeona damu kidogo baada ya kujamiiana.

Muuguzi_Eastlands amejibu:

Hedhi nyingi huzuia muuguzi asione vizuri, kwa hiyo ikikukuta, piga simu ubadilishiwe siku. Usiache tu kwenda, kwa maana nafasi nyingi hupotea namna hiyo.

Lakini hiyo damu baada ya kujamiiana inabadilisha haraka ya jambo lenyewe. Sababu zake ni nyingi na kadhaa ni za kawaida, kama vile uvimbe wa mlango wa kizazi unaotokana na maambukizi mengine, ila ni dalili ambayo haipaswi kusubiri kwenye foleni ya uchunguzi wa kawaida. Piga simu leo, uitaje kwa maneno hayohayo uliyoyaandika hapa, na uombe kuonwa na daktari au afisa wa kliniki badala ya kungojea wiki ijayo. Siku ya kuonwa usisafishe uke kwa dawa yoyote wala usiweke kitu ndani, na usijamiiane usiku wa kuamkia. Beba kadi yako ya CCC, orodha ya dawa unazomeza, na tarehe ya hedhi yako ya mwisho, kwa sababu watakuuliza.